Cheti cha Hofu

Mwaka 2014 niliitwa shuleni mara tano. Mara ya kwanza nilivaa tai. Mara ya tano nilikwenda na ndara, maana hata tai huchoka kudharauliwa.

Mtoto ni wa mdogo wangu, kwa hiyo ni wangu, yeye na ada zake zote. Alitoka Mitwaba akiwa na miaka minane, akashuka kwenye lori la magunia hapa Katuba, Lubumbashi, na jerikeni tupu mkononi ambalo hakukubali mtu aliguse. Wageni wa misaada waliliita eneo la Manono, Mitwaba na Pweto pembetatu ya kifo, jina ambalo nahisi lilitungwa na mtu mwenye tikiti ya kurudi kwao. Kiongozi wa waasi, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha palepale Mitwaba mwaka 2006, akahukumiwa kifo 2009, kisha mwezi wa tisa 2011 akatoroka gereza la Kasapa, hapa hapa mjini kwetu, pamoja na mamia ya wafungwa. Akarudi porini, na vijiji vikaanza tena kuungua. Mtoto wetu alijifunza kukimbia kabla ya kujifunza kuzidisha.

Sasa kengele. Shuleni kuna rimu ya lori imetundikwa kwenye mwembe, na mlinzi huigonga kwa nondo kana kwamba inamdai mshahara wa miezi mitatu. Kijijini kwa mtoto huyu rimu kama hiyo iligongwa usiku, kuwaambia watu watoke na walichoshika. Yeye alishika jerikeni. Basi ikilia saa nne ya mapumziko, wenzake wanakimbilia maandazi, yeye yuko chini ya dawati, mikono kichwani. Wakampa jina: Mitwaba. "Mitwaba, toka, wamekwisha kwenda!"

Buletini ikaja na neno moja kwenye mstari wa mwenendo: mbaya.

"Papa," direkta akaniambia, "ule mutoto eko na kichwa nguvu."

Nikamwomba mambo mawili, yote ya bure. Akae karibu na mlango, na kabla ya rimu kugongwa mtu amwambie kwamba inagongwa. Direkta akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniona niko bado.

"Iko karatasi?"

Nielewe hapo. Shule hii ilikuwa na karatasi ya kila kitu. Kulikuwa na ya prime, zile pesa tulizokuwa tukimlipa mwalimu kwa sababu serikali ilikuwa imemsahau. Kulikuwa na ya chaki, ya mitihani, ya jezi za timu ambayo sijawahi kuiona ikicheza. Ukichelewa siku mbili, mtoto alirudishwa nyumbani na barua yenye mihuri miwili. Lakini kwenye daftari lao hakukuwa na mstari wa hofu, na kisicho na mstari hakikuweza kumpata mtu.

Nikaenda kutafuta karatasi. Jirani alinipunguzia safari: mtoto ana ndoki, apelekwe akaombewe siku tatu bila kula. Nikamwambia kuna sheria ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inayomwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Akasema hiyo ni sheria ya Kinshasa, haijafika Katuba. Barabara tulizonazo, nilishindwa kumbishia.

Mke wangu ndiye aliyesema twende Guislain, kwa Mabruda, wanakotibu maradhi ya akili. Alisema hivyo, kisha akamwamuru dereva wa teksi atushushe mbali na lango, tukatembea juani kama watu wanaotafuta mahali pa kununua makaa. Muuguzi hakuuliza maswali mengi. Alimtazama mtoto, akatazama jerikeni, akamwomba amshikie kwa dakika moja. Mtoto akampa! Mimi niliyemlisha bukari miezi sita sikuwahi kupewa. Halafu akaniambia: "Mwili wake haujapata habari kwamba amefika. Msimpigie kelele, unasikiliza bado."

Nikarudi na karatasi yenye muhuri. Direkta akaisoma hadi chini, akaigeuza, akasoma na upande usioandikwa kitu.

"Papa, hapa kila mutoto anaogopa. Mimi mwenyewe wanaogopa mimi."

Ndipo nikakumbuka Jumamosi ya tarehe 23 Machi 2013, siku wapiganaji wa Gédéon, Bakata Katanga, walipoingia Lubumbashi na bendera zao, risasi zikalia mjini. Mimi, mtu mzima mwenye kipara, nilikaa chini ya kitanda hadi jua likazama, na hata wenye kitanda chao wakakosa nafasi. Nikamwambia direkta hivyo. Kisha nikamuuliza kwa adabu zote: "Na wewe, Mukubwa, Jumamosi ile ulikuwa wapi?"

Akakohoa. Akatazama mlangoni.

"Chooni," akasema. "Cha walimu. Nilifunga kwa ndani."

"Na mwenendo wako waliandika nini?"

Hakujibu, lakini alichukua kalamu. Siku iliyofuata mtoto alikuwa karibu na mlango, na mlinzi, ambaye tulimdhania mtu wa nondo tu, alianza kuchungulia darasani kabla ya kugonga, akiinua vidole viwili: bado dakika mbili. Mtoto bado huziba masikio, ila juu ya dawati. Jerikeni linabaki nyumbani siku za Jumatano. Kwa nini Jumatano, hatujaambiwa.

Nilidhani nimemaliza. Wiki ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, jirani wa ndoki alibisha hodi. Mwanawe naye amesogezwa nyuma darasani, anataka mlangoni, kwenye upepo.

"Ile karatasi ya hofu," akaninong'oneza, "ulilipa ngapi?"