Jino la Skrubu, Mdomo wa Mwembe Tayari: Kumi kwa Rivasi

Mwembe Tayari, Mombasa, hakukosekani kitu: basi la Nairobi, basi la Tanga, embe, dawa za mitishamba na, siku hizi, abiria mwenye skrubu kwenye taya. Skrubu yenyewe ni kazi ya daktari, na mara nyingi haimchukui hata asubuhi nzima. Kazi iliyobaki ni ya mwenye mdomo, na huyo ndiye tunayemhofia. Haya, tuhesabu kwa rivasi.

10. Jua kinachoingia

Implanti si jino. Ni skrubu ya titani, urefu wake kama milimita 10 na unene kama 4, inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya. Juu yake hufungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi ndipo huvishwa krauni, hicho kijino cheupe unachotaka kuchekea harusini. Mfupa na titani hushikana visiachane. Aliyeligundua hilo ni Msweden Per-Ingvar Brånemark, miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura: alipotaka kukitoa kifaa chake cha titani, kikagoma kutoka. Mwaka 1965 akamwekea implanti mtu wa kwanza, Gösta Larsson, naye akatafunia implanti hizo mpaka alipofariki 2006. Miaka 40 na ushei! Ziko ndoa mjini hapa hazikufika hata siku arobaini.

9. Kagua leseni, kisha uliza maswali ya kuudhi

Mtu yule yule anayebonyeza maembe manane sokoni kabla ya kununua moja, atapanda ngazi za kliniki asiyoijua na kufunua mdomo bila kuuliza jina la daktari. Baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, KMPDC, hutoa leseni upya kila mwaka, na unaweza kulitafuta jina la daktari wako mtandaoni. Ukilipata, endelea: umeshaweka ngapi? Ni za kampuni gani? Bei hii ni ya picha, upasuaji, kiunganishi na krauni, au ni ya skrubu peke yake? Hapo penye swali la mwisho wengi wameumia zaidi kuliko kwenye sindano.

Omba pia kadi yenye aina na nambari ya implanti yako, uiweke pamoja na kitambulisho. Siku ukihamia Muscat na kiunganishi kikalegea, daktari wa huko atataka kujua ni bisibisi gani inaingia.

8. Usikae na pengo mpaka likuzoee

Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika huanza kunywea, na sehemu kubwa hupotea katika mwaka wa kwanza. Ukija baada ya miaka kumi ukisema "niliona halinisumbui," huenda ukahitaji kuongezwa mfupa kwanza: upasuaji mwingine, miezi mingine, bili nyingine. Pengo halikukusumbua kwa sababu lilikuwa linakula polepole.

7. Sema ukweli wako wote

"Mama, una sukari?"

"Sukari sina, mwanangu. Nilikuwa nayo."

"Na vidonge hivi mkobani?"

"Hivyo ndivyo vya sukari."

Kisukari kilichodhibitiwa hakimzuii mtu kuwekewa implanti. Kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha usaha, ndiyo maana daktari atataka kipimo cha HbA1c, kile kinachofichua sukari ya miezi mitatu hata kama jana ulikula mchicha mtupu. Taja presha. Taja dawa za kupunguza kuganda kwa damu, na usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe. Damu ikiganda pasipofaa, jino halitakuwa tena shida yako kubwa. Wazee wanaotumia dawa za udhaifu wa mifupa wazitaje pia, maana baadhi yake huzuia taya kupona. Na unayesaga meno usiku, mwenzako akajua wewe hujui, mwulize kabla ya kwenda.

6. Tazama kalenda, safisha nyumba

Wiki ya upasuaji unahitaji maji, uji na vidonge kwa saa zake, kwa hivyo ukiweza usiipange Ramadhani. Usiipange pia siku mbili kabla ya harusi ya dada yako: picha hazisahau uvimbe. Kabla ya yote, ukoga ukwanguliwe, meno yaliyooza yazibwe, fizi zinazotoka damu zitibiwe. Implanti haiwekwi jirani na usaha.

5. Saa 24 za kwanza: mdomo ukae na adabu

Uma pamba uliyopewa kwa nusu saa au zaidi, bila kuichungulia kila dakika. Barafu ifungwe kwenye kitambaa, iwekwe shavuni dakika 20, iondolewe, irudishwe. Lala kichwa kimeinuka. Uvimbe hupanda siku ya pili na ya tatu kisha hushuka, usimpigie daktari saa nane usiku kumwambia shavu limekua. Mpigie damu ikikataa kukata, homa ikipanda, au maumivu yakizidi baada ya siku kadhaa badala ya kupungua.

Na usiteme. Najua kutema kwetu ni kama alama ya nukta, ila siku hii meza. Wala usisukutue, wala usinyonye chochote kwa mrija. Kinachoziba kidonda ni bonge dogo la damu, na mvuto wa mrija unalitoa. Dafu ruhusa, lakini lilete glasini. Kesho yake ndipo uanze maji ya uvuguvugu na nusu kijiko cha chai cha chumvi, uyazungushe taratibu kwa kuinamisha kichwa huku na huku, kisha uyaache yaanguke yenyewe kwenye sinki.

4. Menyu ya mateso

Hapa ndipo Mombasa inapomwonea mgonjwa. Ukitoka kliniki, ganzi bado imeshika mdomo nusu, unapita penye viazi karai. Vimetoka mafutani, ganda la njano linalia, ukwaju unangoja kwenye kibakuli na pilipili inaelea juu. Pita. Pita pia mahindi ya kuchoma, kashata, mabuyu, mishkaki, na muhogo wa kukaanga ambao kipande kimoja kikivunjika vibaya huchoma fizi kama kimetumwa. Kwanza, ganzi haijaisha: utajitafuna shavu ukidhani ni nyama.

Zilizoruhusiwa siku za mwanzo: uji uliopoa, pojo zilizoiva mpaka zimesahau umbo lao, mbaazi za nazi bila pilipili, ndizi mbivu, viazi vya kuponda, tambi laini, samaki asiye na miiba. Hamri? Ndiyo, ila baada ya siku chache, lichovywe chai ya vuguvugu mpaka likate tamaa. Kahawa tungu ya jioni ingoje, maana moto wake huamsha damu. Mama mkwe akileta biriani kukupa pole, mshukuru, mwite mumeo.

3. Muguka, sigara, tambuu

Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, kuingia Mombasa. Mahakama ikaisimamisha amri yake. Fizi haina wakili, yenyewe imebaki na majani.

Mtazame mtafunaji kwa karibu. Majani anayasukuma shavu moja, yanalundikana pale kwa saa nzima, shavu linatuna. Anatia bigijii au njugu kuua uchungu, kisha anashushia soda. Mdomo unakauka, na mate ndiyo mlinzi wa fizi. Sukari inabaki, makapi yanajikita kwenye ukingo wa fizi, na yote hayo yanakaa upande ule ule ambako skrubu ya juzi inajaribu kushikana na mfupa. Ukimwuliza atakwambia, "Yakhe, mimi natafuna upande wa pili." Mwangalie shavu.

Sigara ni mbaya zaidi. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na kidonda kisichopata damu hakiponi. Implanti za wavutaji hufeli mara nyingi zaidi, takriban maradufu. Madaktari wengi huomba uache angalau wiki moja kabla na wiki nane baada ya upasuaji. Shisha ya Ijumaa ni moshi pia, hata ikinukia tufaha. Tambuu yenye tumbaku na chokaa, bibi samahani, nayo imo.

2. Zege hili linalala

Mafundi husema zege halilali. Hili linalala miezi mitatu hadi sita, na ukilipanda juu kabla halijashika, linaanguka. Tatizo ni kwamba kidonda cha fizi hupona ndani ya wiki mbili hivi, mtu akajiona mzima, akaagiza mnofu wa mbuzi. Fizi ni ya juu tu. Chini yake mfupa ndio kwanza unaanza kuikumbatia titani. Implanti inayochezacheza kila unapotafuna hufungwa na nyama laini badala ya mfupa, na hiyo mwisho wake ni kutolewa. Tafuna upande mwingine. Jino la muda ukipewa, ni la kuchekea.

1. Ogopa jino lisilouma

Jino la Mungu lina neva, likioza linakuamsha usiku. Implanti haina. Bakteria wanaweza kujenga kwenye ukingo wake, fizi ikavimba, mfupa ukaliwa mzunguko mzima, na wewe unakula pilau huku unawasifia watu daktari wako. Titani haiozi, kweli, lakini kilichoishika kinaoza.

Kwa hivyo usiku, kabla ya kulala: brashi laini, iinamishwe kuelekea ukingo wa fizi, miduara midogo, usisugue kama unaosha sufuria. Kisha kile kiburashi chembamba cha katikati ya meno, kiingizwe upande wa kushoto wa krauni, kitoke, kiingizwe wa kulia. Mswaki wa mti unafaa kusafishia uso wa meno, ila nyuzi zake hazifiki chini ya krauni, na ncha ngumu huchoma fizi. Uloweke, kisha umalizie kwa kiburashi. Kila miezi sita, au kama daktari atakavyopanga, rudi akukague, na mara kwa mara apige picha ailinganishe na ya mwanzo. Picha ndiyo inayoona mfupa ukishuka.

Na ukiona damu kwenye povu, usingoje liume. Piga simu kliniki asubuhi. Yule binti wa mapokezi atakuuliza, "Kwani linauma?" Mwambie, "Haliumi, dada, ndiyo maana nimepiga."