Bastola ya Shemeji na Tatizo la Msuli

Shemeji yangu alitaka bastola kwa sababu ya nyoka, na nyoka mwenyewe hakumwona mzima, alimwona mkia. Lakini mkia ule ulikuwa na njuga, na Texas mkia wenye njuga unatosha. Alikuwa amejikunja chini ya hori la mbuzi, nje kidogo ya mji wa Mineral Wells, saa ambayo mtu wa Tanga ameshaswali alfajiri na bado hajanywa chai. Nyoka akatikisa njuga zake. Shemeji akarudi nyumbani kinyumenyume, na dada yangu, aliyekuwa dirishani, anasema hajapata kumwona mumewe akienda kinyumenyume kwa kasi ile hata kwenye gari.

Kwetu jambo hili lina utaratibu wake. Unapiga ukelele, majirani wanakuja na fimbo, mapanga na maoni. Huku jirani wa karibu ni mzee mmoja mfuga ng'ombe, kwake ni mwendo wa barabara nzima ya vumbi, naye alikuja na maoni tu. Alisimama kwenye uzio, akatema mate pembeni, akasema kinachotakiwa ni rivolva ndogo ya .22: ya kutembea nayo shambani, na siku ambayo nyoka hayupo, ya kulengea makopo.

Mimi ndiye msomaji wa maelekezo ya vifaa katika ukoo wetu. Friji, mashine ya kufulia, fomu za kodi, vyote hupita kwangu kwanza. Basi na hilo likapita kwangu.

Nilichokikuta ni kwamba hii risasi ndogo ina umri mkubwa. Smith & Wesson walianza biashara yao ya rivolva mwaka 1857 na kibastola cha .22 cha risasi saba, na ile risasi ndefu kidogo inayotumika leo, Long Rifle, ilitoka 1887. Kipenyo chake hakifiki milimita sita. Kipande cha risasi kinachoruka mbele kina uzito wa gramu mbili na nusu hivi. Dawa ya kuiwasha haikai katikati ya kitako cha ganda, imepakwa ndani ya ukingo wake, ndiyo maana nyundo ya bastola inapiga pembeni, na ganda likishapigwa ni la kutupwa. Nikamsomea shemeji yote hayo. Akafurahi, akasema basi ni kitu cha watoto. Nikamsomea na onyo la kwenye boksi: ikirushwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Akanyamaza, akaanza kuhesabu nyumba ya mzee iko umbali gani.

Kwa nini rivolva, na si zile bastola bapa za kwenye filamu? Kwa sababu rivolva haichagui chakula. Silinda inameza risasi fupi, ndefu, ya nguvu, ya uvivu, hata ile yenye chembechembe iliyotengenezwa kwa ajili ya nyoka. Moja ikigoma, unavuta tena na inayofuata inakuja. Maganda yanabaki ndani mpaka uyatoe mwenyewe, hayakurukii shingoni yakiwa ya moto. Kwa mtu anayevaa kanzu yenye shingo pana siku za Ijumaa, hili si dogo.

Dukani tulipokewa na kijana mwenye ndevu za kifuani na adabu nyingi. Akauliza ni ya kazi gani. Shemeji alikuwa na orodha: nyoka, makopo, koyoti wanaonyemelea watoto wa mbuzi, nguruwe pori, na heshima. Kijana akaanza kufuta. Heshima haiuzwi pale. Koyoti, labda, akiwa karibu na akiwa na subira. Alipofika kwa nguruwe pori akacheka kwa upole.

“Kwa nguruwe, bwana, hii itamjulisha tu uko wapi.”

Wakabaki nyoka na makopo, na hapo ndipo nilipoielewa shida yote, ingawa shemeji hakutaka kuisikia. Nyoka anataka bastola ambayo unayo mwilini kila siku. Makopo yanataka bastola ambayo inakaa kimya mkononi. Hizo ni bastola mbili tofauti, na dada yangu, aliyekuja kwa kazi moja ya kulinda pochi, alikuwa ameshasema itanunuliwa moja.

Kijana akatandika kitambaa juu ya kaunta, akaziweka. Upande mmoja kibastola cha aluminiamu cha Smith & Wesson, risasi nane, gramu mia tatu na kitu. Tangu miaka ya 1930 kampuni hiyo ina ukoo mzima wa rivolva za namna hii, zilizokusudiwa kukaa katika mkoba wa mvuvi wa ndoano pamoja na chambo na sandwichi. Upande wa pili Ruger Single-Six, yenye sura ya wachunga ng'ombe wa sinema, iliyoanza kuuzwa 1953, nayo inakaribia kilo. Katikati akaweka Bearcat, mdogo wake wa 1958, gramu 680 hivi, na Wrangler ya 2019, ambayo si nyepesi wala si nzuri ya sura lakini bei yake haimtoi mtu jasho. Shemeji akakinyanyua kile cha aluminiamu kwa vidole viwili, macho yakamng'aa. “Hiki hata nikilala nacho sijui kama kipo.” Dada akasema hicho hakilali chumbani kwake.

Nyuma ya duka kulikuwa na ukumbi wa shabaha na bastola za kukodi. Masharti ni miwani na vizuia sauti masikioni, na si masharti ya mapambo, bastola ya .22 yenye mtutu mfupi inapiga mlio wa kuharibu sikio, hasa ndani ya kuta. Tatizo likawa kofia. Shemeji havui kofia yake ya viua kwa ajili ya mtu yeyote isipokuwa kinyozi, na vile vizuia sauti vina utepe unaopita utosini. Utepe ukawa unapanda juu ya kofia, unateleza, kikombe kimoja kinaishia shavuni na kingine kwenye paji la uso. Msimamizi akamwomba aivue. Shemeji akamweleza, kwa Kiingereza cha kutosha, kwamba imeshonwa kwa mkono na mama yake. Msimamizi alikuwa na mama pia. Akaenda kutafuta vile vidude vya sponji vya kusukumia ndani ya tundu la sikio, mambo yakaendelea.

Akaanza na kile chepesi. Hapa inabidi niseme jambo ambalo duka lolote litakuambia ukiuliza, na ukikaa kimya hawakuambii. Rivolva unayoifyatua kwa kuvuta tu, bila kwanza kurudisha nyundo kwa kidole gumba, inataka nguvu ya kilo tano au sita kwenye kidole kimoja, na za .22 ndizo ngumu zaidi, kwa sababu nyundo lazima ipige kwa hasira ndipo ukingo wa ganda uponde dawa. Sasa bastola yenyewe ina gramu mia tatu na ushei. Unavuta kilo tano kwenye kitu kisichofika nusu kilo. Kinachosogea si kidole, ni bastola. Shemeji alivuta, mtutu ukatazama kushoto, ukatazama chini, ukaamua, ukalia. Karatasi yake ilibaki safi. Kwenye kibanda cha kulia bibi mmoja mwenye mvi alivuta karatasi yake karibu, akahesabu matundu kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena, kisha akachungulia kwetu akitabasamu na kutushukuru kwa mchango.

Halafu ile nzito. Unarudisha nyundo, tika, tika, unaona inavyotulia, na kifyatulio kinaachia kama kitasa kilichotiwa mafuta. Uzito ambao dakika moja kabla ulikuwa lawama ukawa ndio unaoshika mtutu. Matundu sita yakakaa karibu karibu, mbali kidogo na katikati lakini yote kwenye karatasi yake mwenyewe. Shemeji akaguna kwa raha. Nikajua tumenunua.

Kununua kwenyewe ni fomu. Inaitwa 4473 na ni ya serikali kuu. Inakuuliza kama mnunuzi halisi ni wewe, kama unatumia bangi, kama ni mtoro anayetafutwa na sheria. Shemeji aliuliza ni mtoro gani atakayeweka alama ya ndiyo, na kijana, bila kucheka, akasema wapo. Maswali hayo yote yalipita. Lililozua kesi ni la uzito wa mwili. Shemeji aliandika namba, dada akaisoma juu ya bega lake, kisha akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye rafu za buti:

“Andika ukweli, Baba Halima. Hiyo ni ya mwaka wa harusi.”

Akaifuta, akaandika nyingine, kijana akaituma taarifa kwa FBI wakachunguze. Jina la shemeji ni jina la nusu ya wanaume wa Pwani, kutoka Lamu mpaka Kilwa, kwa hiyo jibu lililorudi halikuwa ndiyo wala hapana, lilikuwa subiri. Sheria inawapa siku tatu za kazi. Zilikuwa siku ndefu, maana alishanunua risasi, akawa anazipanga mezani mistari mistari, huku dada akizipangua ili aweke sahani.

Ilipofika nyumbani, mzee wa jirani alikuja kuikagua na akaja na yake, Single-Six ya zamani iliyokwaruzika kila mahali. Yeye anatia risasi tano kwenye matundu sita, nyundo inakaa juu ya tundu tupu, kwa kuwa bastola za enzi hizo zikianguka na nyundo ikigonga sakafu zilikuwa zinalia. Mwaka 1973 kiwanda kilibadilisha mtambo wa ndani, na za sasa unaweza kujaza zote sita. Mzee anajua hivyo, na hata mpya anaitia tano. Shemeji akamwonyesha boksi la risasi za nyoka, zile za chembechembe. Mzee akazikubali kwa masharti. Chembe ni ndogo, zinatawanyika upesi, zaidi ya hatua mbili tatu unamkasirisha nyoka tu. Na ukiwa ndani ya hatua hizo mbili tatu, la busara zaidi ni kurudi nyuma.

“Hatua hizo nilishazirudi bure,” shemeji akasema, “kabla sijatoa hata senti.”

Hata hivyo imeshanunuliwa, na fimbo ya mbali haiui nyoka, kwa hiyo haikubaliki ikae kabatini. Lazima itembee naye. Na hapa ndipo lilipofunguka jambo ambalo hakuna mwandishi wa mambo ya bastola aliyewahi kulishughulikia, nami nimewasoma wengi: msuli hauna mkanda. Ala zote za dukani zinadai suruali, tena suruali yenye mkanda mgumu. Shemeji asubuhi anakwenda bandani na msuli, kama alivyokwenda baba yake na babu yake, na hana mpango wa kuwavalia mbuzi suruali.

Kwanza akajaribu kuisunda kibindoni, ikiwa tupu, kwa amri ya dada. Kibindo cha msuli kimebeba mambo mengi katika historia ya Pwani, fedha, tumbaku, barua za siri, lakini si karibu kilo moja ya chuma cha pua. Alivuka geti la kwanza salama. Kwenye la pili fundo likaanza kujadiliana na uzito. Alifika bandani mkono mmoja umeshika ndoo ya chakula na mwingine umeshika heshima yote iliyobaki, na mzee wa jirani anapita na pikapu, anapunga mkono, na wewe ni mtu wa adabu lakini mkono wa kupungia huna.

Jumamosi tukaenda kwenye makopo. Tuliyapanga chini ya tuta la bwawa la kunyweshea, udongo mnene nyuma yake, mbuzi wote wako boma la mbali, nyuma yetu kabisa. Shemeji akarudisha nyundo, akalenga kopo la maharage, akafyatua. Kopo likabaki limesimama. Nyuma yetu dada akapiga ukelele. Tukageuka: mbuzi watano wamelala chali, miguu juu, mikavu.

Shemeji aliweka bastola chini, akashika kofia kwa mikono miwili. Alikuwa amewanunua watano hao mnadani mwezi ule, wa bei nafuu, na muuzaji hakufafanua sana. Ni wale mbuzi ambao wakishtuka misuli inakaza na haiachii kwa sekunde kadhaa. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, akili zao zipo na hawazimii, wanaanguka tu wakikutazama. Mbegu yao inajulikana tangu miaka ya 1880 huko Tennessee. Kabla sijamaliza kumweleza wakaanza kuamka mmoja mmoja, wakatembea kwa miguu ya mbao, wakarudi kwenye majani. Akafyatua tena ili kuhakikisha. Kopo limesimama, mbuzi chini.

Siku hizi makopo yanaanguka pia, ingawa kila mazoezi yanaanza na kuwahamishia wale watano zizi la ng'ombe la mzee, kazi inayokula muda kuliko kulenga kwenyewe. Mzee analipisha paja moja la mbuzi kwa msimu.

Suala la ala likapelekwa Tanga. Shemeji alimtumia shangazi yake ujumbe wa sauti, amwone fundi viatu wa Ngamiani amshonee mshipi mpana wa ngozi wa kuvaa juu ya msuli, wenye mfuko ubavuni. Akatoa na vipimo: urefu shubiri na nusu, uzito ratili mbili, upande mmoja umepinda. Shangazi akauliza ni cha kuwekea nini, na shemeji, ambaye hakutaka maneno na watu wa mtaani, akamjibu ni simu. Jibu lilirudi usiku wa manane wa huku, na nyuma ya sauti yake unasikia nyundo ya fundi na watu wanacheka.

“Baba, vipimo vyako nimemfikishia. Ila fundi anauliza, simu hiyo ukiipiga, anapokea nani?”