Yakobo Amenivua Koti

Mimi na Yakobo hatukuwa na matata. Barua yake ni sura tano tu, unaimaliza ukingoja bidoni ijae. Lakini tangu pasta wetu hapa Butembo aanze kuihubiri, amani nyumbani kwangu imekwisha.

Pasta simlaumu. Anahubiri, anatoa jasho, tunaitika amina, tunarudi kula sombe. Dini niliyoizoea ndiyo hiyo. Matata ni mama ya watoto. Yeye anasikiliza! Aliposikia kwamba neno si la kusikia tu, ni la kutenda, jioni ile ile akaleta watu.

Watu wenyewe ni deplase wa upande wa Oicha, kaskazini ya Beni. Kule tangu Oktoba 2014 watu wanachinjwa mpaka mashambani mwao. Hapo sicheki, nani acheke? Deplase wengi wa huku wanalala ndani ya nyumba za watu, nyumba zenyewe zimejaa tayari. Nilijua. Nilikuwa nawaombea sana. Maombi hayalali kitandani kwako.

Sasa baba, mama, mama mzee, watoto. Kitanda changu kwa mama mzee. Mimi sebuleni kwenye kiti, miguu juu ya bidoni. Nikaulizia blanketi. Eti Yakobo ameshasema: mtu ana baridi, unamwambia nenda ukaote moto, kitu humpi, umemsaidia nini? Nikanyamaza. Sijafika sura hiyo.

Halafu koti. Butembo ni milimani, asubuhi baridi inakung'ata masikio. Nilikuwa na makoti mawili. Moja la kola ya manyoya na vifungo vya kung'aa, nililipigania sokoni. La pili limetoboka kiwiko, lina doa la mawese kifuani. Mwenye akili anatoa lipi? Nimeshalikunja lile la mawese, nimelipiga pasi kwa mkono. Mama ya watoto akapita na lile jingine. "Luka tatu: mwenye mawili ampe asiye nalo," akasema. Sasa na Luka naye!

Wakati wa Ebola, 2018 mpaka 2020, mambo yalikuwa rahisi. Mlangoni pa kanisa ndoo ya maji ya klorini, unanawa, unapimwa joto, mkono humpi mtu, unaingia. Klorini haikuulizi una makoti mangapi.

Siku ya yenga tukaenda wote. Kijana wa protokole akamwona deplase wetu. Kola! Vifungo! "Papa, karibu mbele." Akampa kiti chenye kitambaa, pembeni ya wazee wa kanisa. Mimi na doa langu: "Wewe muzee, sogea kule nyuma." Kule nyuma ndiko mlango, na mlango haufungi.

Pasta akafungua sura ya pili. Anasoma habari ya mwenye nguo nzuri anayepewa kiti kizuri, na maskini anayeambiwa asimame kule. Kanisa zima amina. Protokole amina, tena kuliko wote. Deplase wetu mbele, jasho linamtoka ndani ya manyoya yangu, ananitafuta kwa macho. Mama ya watoto naye ananikodolea, nisithubutu.

Nikathubutu. Nikanyoosha mkono nipate kusema neno. Protokole akanikimbilia na kikapu cha sadaka.