Gramu Tano za Matumaini

Mtu anayebandika vizani vya gramu 5 vya kusawazisha gurudumu ndani ya rimu, kisha akashika njia ya Kasongo kwenda Kabambare, mashariki mwa Kongo, apewe heko kwa imani yake. Gundi haina lawama: inataka rimu iliyofutwa kwa spiriti, kavu, isiyo na grisi, na siku nzima ya kushika. Ila nguvu inayotikisa gurudumu hufuata mraba wa mwendo: kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 20, hupungua mara 25. Na mvua ikikolea, hata hiyo 20 ni mbio za mashindano. Papo hapo tope jekundu linaganda ndani ya rimu, upande mmoja, kwa kilo, na vizani vimefukiwa chini yake vikiendelea kusawazisha.

Mwenye gari atajibu kwamba gurudumu lisilo na mizani hula beringi. Kweli, kwenye lami. Hapa maji ya mashimoni yamekwisha kuzila. Atasema basi anajiandaa kwa barabara ijayo. Hapo simbishii: tumeipigia kura barabara hiyo 2006, 2011, 2018 na 2023, na gundi nzuri huvumilia miaka.