Namna ya Kumtoza Abiria Sanduku Lake

Mheshimiwa, hongera kwa uteuzi. Umekabidhiwa treni ya kwenda uwanja wa ndege, na kazi kubwa umeikuta imeshafanyika: reli imelazwa, mabehewa yameshushwa melini, mkandarasi amelipwa, au angalau ameacha kupiga simu. Limebaki jambo moja tu, nauli. Hapa ndipo wengi huharibu, kwa sababu humwita mhandisi. Mhandisi atakuja na kilometa zake. Atajumlisha umeme, mishahara ya madereva na vipuri, atagawanya kwa idadi ya viti, halafu atakuletea bei inayofanana na ya treni nyingine yoyote. Mshukuru, mpe chai, mwambie utampigia.

Treni ya uwanja wa ndege haitozi umbali. Inatoza sanduku. Mtazame abiria anapokaribia geti: ana sanduku, kwa hiyo anapanda ndege, anapanda ndege, kwa hiyo ana hela, ana hela na muda unamkimbiza, kwa hiyo hatauliza. Hesabu imeishia hapo. Kwamba yule binti mwenye begi lililong'oka gurudumu anakwenda kufanya kazi za ndani Muscat na tiketi yake atakatwa kwenye mshahara, au kwamba yule mzee anakwenda India kutibiwa kwa michango ya ukoo mzima iliyopitishwa kwenye kundi la WhatsApp, hayo ni mambo ya kifamilia. Wewe unaona sanduku.

Wala usidhani fikra hii ni ngeni kwetu. Dar es Salaam, anayekwenda uwanjani bila kukodi gari anapanda daladala ya Gongo la Mboto, anabana begi kati ya magoti, na konda akilitupia jicho tu anaomba nauli ya begi. Konda huyo hajakaa darasa lolote la uchumi wa usafiri, lakini amefika palepale walipofika wataalamu wa London. Tofauti ni kwamba kwa konda unaweza kubishana.

Sasa omba safari ya mafunzo. Posho ya siku kumi itakutosha, ukichagua miji vizuri.

Anzia London. Heathrow Express ilizinduliwa mwaka 1998 na Tony Blair mwenyewe, alipokuwa Waziri Mkuu. Inakwenda Paddington kwa dakika 15 bila kusimama njiani, na kwa miaka mingi aliyekata tiketi siku ileile ya safari alitoa pauni 25. Hiyo ni zaidi ya pauni moja na nusu kwa kila dakika, na dakika ndiyo bidhaa unayopaswa kuuza. Andika 15 kwa tarakimu kubwa kila ukuta. Usiandike dakika za kuikokota mizigo kwenye ujia, wala za kusubiri treni, wala habari kwamba Paddington iko pembeni kidogo na wengi wa abiria wako bado wana treni nyingine ya kupanda.

Najua utauliza kuhusu ushindani. Upo. Treni ya Piccadilly imefika Heathrow tangu 1977; inajikongoja karibu saa nzima hadi katikati ya jiji, lakini bei yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo 25. Mwaka 2022 ikafunguliwa Elizabeth line: uwanja uleule, Paddington ileile, kama nusu saa, kwa takriban nusu ya bei, tena haiishii Paddington bali inapenya chini ya jiji hadi upande wa pili. Basi abiria wa dakika 15 anateremka Paddington, anashusha sanduku kwa ngazi za umeme, na mara nyingi anajikuta anaingia kwenye hiyohiyo Elizabeth line aliyoikwepa uwanjani. Hajakosea kitu. Amelipia haraka, na haraka ameipata. Kilichofuata baada ya hapo si jukumu lako.

Ila kitu kizuri zaidi London ni tiketi za kukata mapema. Mwenyeji anayejua mambo anaingia mtandaoni wiki kadhaa kabla na kupata kiti kwenye treni ileile kwa bei ya chini mno. Anayelipa bei kamili ni aliyeshuka na ndege asubuhi, macho mekundu, simu haina chaji, hajui Paddington ni mtaa au ni mtu. Wahenga walishamaliza kazi hii: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ukitaka kuona kosa lisilofaa kurudiwa, nenda Toronto. Kosa lenyewe ni kushusha bei.

Walianza vizuri, tena vizuri sana. UP Express ilifunguliwa tarehe 6 Juni 2015, mwezi mmoja kabla ya Michezo ya Pan American, kwa gharama ya dola za Kanada milioni 456. Kutoka Union Station hadi uwanja wa Pearson ni dakika 25, na kila robo saa treni inaondoka. Waliajiri kampuni ya ubunifu, Winkreative, kupanga sura na rangi. Wahudumu wakashonewa sare za mitindo. Treni ikapewa jarida lake yenyewe, kwa ajili ya safari inayoisha kabla hujafika ukurasa wa katikati. Nauli ikawekwa dola 27.50, au dola 19 kwa mwenye kadi ya usafiri ya Presto. Mji huohuo, basi la umma lilikuwa linawachukua watu stesheni ya Kipling na kuwafikisha uwanja huohuo kwa takriban dola 3. Na mtu na mkewe wakipanda treni wanatoa dola 55, pesa ambayo dereva teksi angeipokea kwa tabasamu, akawabebea mabegi na kuwashusha mlangoni.

Abiria hawakutokea. Matarajio yalikuwa watu 5,000 kwa siku ifikapo mwisho wa mwaka wa kwanza. Majira ya baridi yalipoingia walikuwa hawafiki hata nusu yao. Treni ikawa inakwenda na kurudi na viti vyake vizuri, mtu mmoja hapa na koti lake kwenye kiti cha pili, mwingine kule anasoma jarida. Inasimama Bloor, inasimama Weston, mtaa wa watu wa kawaida wenye shida halisi ya usafiri, milango inafunguka, hewa ya joto inatoka, milango inafungwa. Watu wa Weston walikuwa nje wanasubiri basi.

Mheshimiwa, ungekuwa wewe ungetulia. Ungeunda tume. Wao wakafanya papara: Februari 2016, wikiendi ya Siku ya Familia, wakaruhusu watu wapande bure. Foleni zikajaa stesheni, na siri ikavuja kwamba watu wa Toronto hawakuwa na ugomvi wowote na treni. Tarehe 9 Machi nauli ikateremshwa hadi dola 12, na 9 kwa wenye Presto. Ndani ya miezi michache abiria wakaongezeka zaidi ya maradufu. Ona sasa hasara yake: hakuna tena kiti cha kuwekea koti.

(Niseme jambo moja bila kejeli, halafu tuendelee. Hoja ya bei kubwa ina mantiki: kwa nini mkulima asiyepanda ndege maishani mwake amlipie anayekwenda kutalii? Ni swali halali. Lakini kiti kitupu hakimlipii mtu yeyote. Treni yenye abiria wachache inakula mafuta yaleyale na dereva yuleyule, na pengo linazibwa na kodi ya mkulima huyohuyo. Toronto walikuwa wanamtoza abiria sana na kumtoza mlipakodi pia.)

Yakikukuta ya Toronto, usiseme bei ilikuwa kubwa. Sema umesikia kilio cha wananchi.

Bingwa wangu mimi, hata hivyo, ni Sydney. London na Toronto wanatoza safari; Sydney wanatoza kukanyaga stesheni. Reli ya uwanja wa ndege ilifunguliwa Mei 2000, ili iwahi Olimpiki ya Septemba. Serikali ikagharimia njia yenyewe, na stesheni nne zikaachiwa kampuni binafsi: mbili za uwanja wa ndege, pamoja na Mascot na Green Square ambazo ni za mitaani tu. Kampuni ikaruhusiwa kurudisha fedha zake kwa kiingilio kinachoongezwa juu ya nauli. Abiria wakawa wachache mno kuliko ilivyotabiriwa, na kabla mwaka haujaisha kampuni ikawa imekabidhiwa kwa wafilisi. Unaweza kudhani somo lilieleweka. Kiingilio kikabaki.

Leo hii, nauli ya kawaida kutoka uwanja wa safari za ndani hadi katikati ya Sydney ni dola chache za Australia. Juu yake kuna kiingilio cha zaidi ya dola 17, unapoingia au unapotoka kwenye geti la stesheni ya uwanja. Treni si maalumu. Ni ileile ya mitaani, yenye wanafunzi na fundi bomba na begi lake la spana. Wanapita chini ya uwanja wa ndege kila siku bila kulipa chochote cha ziada, ilimradi wasishuke. Mwenye sanduku akigusa kadi getini, kioo kidogo kinaandika tarakimu, anasimama kidogo, anaitazama tena, waliomfuata wanamgonga visigino. Jiji lina ukomo wa nauli kwa siku, ukishaufikia huongezewi. Kiingilio hakimo humo. Hii ni kazi safi. Umeweka bei nafuu kwa wote na bei ya kuruka kwa wachache, kwenye behewa moja, bila hata kupaka rangi.

Lakini mwenye macho haambiwi tazama. Mwaka 2011 serikali ya jimbo iliingilia na kuondoa kiingilio kwa abiria wa Mascot na Green Square, na stesheni hizo zikafurika. Hapo likazaliwa tatizo jipya: Mascot ni stesheni inayofuata ukitoka uwanjani kuelekea mjini. Ukipanda basi la kawaida namba 420 hadi Mascot, au ukiamua kutembea kama nusu saa ukiburuta magurudumu kwenye lami, unapanda treni ileile, unakaa kiti kilekile, na dola 17 zako ziko mfukoni. Watu wanne wakichanga teksi, nayo inawatoka nafuu kuliko treni. Umejenga njia ya chini kwa chini ili magari yapungue barabarani, kisha ukayarudisha kwa geti.

Johannesburg nao wana Mascot yao. Treni yao, Gautrain, ilianza tarehe 8 Juni 2010, siku tatu kabla ya filimbi ya Kombe la Dunia, na Sandton hadi uwanja wa OR Tambo ilikuwa randi 100. Stesheni ya mwisho kabla ya uwanja ni Rhodesfield, na ukishuka hapo unalipa sehemu tu ya bei hiyo, kwa sababu machoni pa treni wewe si msafiri, ni mkazi wa Kempton Park anayerudi nyumbani. Wenyewe waliliona hilo: abiria wa uwanja wana mabehewa yao, mbali na wa kawaida. Jambo la kunakili pale si mabehewa bali dhamana. Mkataba wa mwanzo ulisema abiria wakiwa pungufu ya kiwango kilichokubaliwa, jimbo la Gauteng litamfidia mwendeshaji. Sanduku lisipolipa, anayelipa ni mtu aliyebaki nyumbani.

Kuna kundi ambalo wataalamu hulisahau, na nakushauri nawe ulisahau mapema: wanaokwenda uwanja wa ndege kila siku bila kupanda ndege. Wafagiaji, wapakia mizigo, wauza kahawa, askari wa ukaguzi, dada wa kaunta ambaye zamu yake inaanza saa kumi alfajiri, wakati mabasi ni ya kubahatisha. Hao hawana sanduku, wana mfuko wa chakula cha mchana. Geti halijui tofauti. Sydney wamewawekea ukomo wa wiki kwenye kiingilio, na bado unazidi dola 30, kila wiki, juu ya nauli. Kwa hiyo wengi wanashuka Mascot. Ukitaka kumjua anayefanya kazi uwanjani, mtafute kwenye lile basi. Ni yule asiye na sanduku.

Njoo sasa kwenye mkataba. Uwe mrefu. Ule wa Sydney ulipangwa kuisha mwaka 2030, miaka 30 tangu treni ianze, na waziri yeyote anayekuja katikati akiulizwa kwa nini kiingilio hakiondoki ana jibu tayari: niliukuta. Usisahau kuweka mgawo wa serikali humo ndani, kama walivyofanya wao, ili Hazina nayo iwe na sababu ya kuupenda mpangilio. Wako uandike miaka 40. Usaini kabla ya Bunge la bajeti, maana uchaguzi ukikaribia wabunge hupanda daladala, na huko watu hawaulizi dakika ngapi, wanauliza shilingi ngapi.