Sifa za Duka Lisilo na Chaguo

Naomba nilitetee duka la baiskeli lenye baiskeli za namna mbili. Linasemwa vibaya kila kona, na wanaolisema ni watu wasiojua neema waliyopewa. Nalizungumzia duka la kawaida la mji kama Tanga, pale Ngamiani. Upande mmoja zimepangwa Phoenix nyeusi za breki za vyuma, bado zimevishwa makaratasi ziliyokuja nayo kwenye maboksi. Upande wa pili zimening'inizwa zile za gia, nyekundu na kijani, zenye shokapu mbele na nyuma na maneno ya Kiingereza kila palipobaki nafasi ya kuandika. Katikati amekaa mwenye duka na kikokotoo chake. Ulimwengu wote wa baiskeli umeishia hapo.

Mtu anayeivuruga amani hiyo ni mteja anayeingia akiulizia haibridi. Baiskeli hiyo ni chotara: imechukua wepesi na magurudumu makubwa ya baiskeli ya mbio, ikachukua usukani mnyoofu wa ile ya milimani, ikavaa tairi la wastani, upana wa milimita 35 hadi 45 hivi, na mkao wake haukunji mgongo. Ilianza kuuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipoonekana kwamba wengi walionunua baiskeli za milimani hawaendi mlimani, wanaenda kazini. Kwa Tanga ingefaa mno. Mji ni tambarare, katikati kuna lami, na ukiiacha lami ukaelekea vijijini unakutana na vumbi, kokoto na mchanga. Ndiyo maana haipo dukani. Kitu kikifaa sana watu watakigombania, na magomvi si mazuri.

Sikiliza mauziano yenyewe yanavyokwenda kwa ustaarabu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Karibu baiskeli."

"Natafuta haibridi. Nyepesi, ya magurudumu makubwa, isiyo na shokapu."

"Hii hapa." Anaishusha ile nyekundu.

"Hii ina shokapu mbili, ami."

"Zikaze tu, hazitacheza."

Ni muuzaji gani mwingine atakumalizia shida yako kwa maneno matatu? Huko kwenye maduka makubwa mteja wa haibridi hupimwa urefu wa mguu, akaulizwa kama anataka breki za diski za mafuta au za waya, fremu ya chuma au ya alumini, gia 8 au 24, mashimo ya kufungia keria au asiyahitaji. Hurudi nyumbani na makaratasi ya matangazo, usiku hapati usingizi, na mwezi wa tatu bado anakwenda kazini kwa basi. Wahenga walilijua hilo tangu zamani wakasema mchagua jembe si mkulima. Mwalimu Nyerere naye, mwaka 1969, aliwaambia wananchi kwamba kupanga ni kuchagua. Mwenye duka wetu amelishika somo hilo kuliko chuo chochote: amepanga yeye, amechagua yeye, na wewe umeachiwa kazi nyepesi ya kulipa.

Tena tusijifanye tumesahau tulikotoka. Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanayakumbuka maduka ya umma ya RTC, ambayo kwa siku nyingi yaliuza rafu tupu. Enzi zile kuiona baiskeli ya namna moja tu ilikuwa habari ya kusimuliwa jioni. Leo unazo namna mbili na bado umenuna.

Kisha tazama usawa wake. Fremu ni ya kimo kimoja, iwe kwa mwangua nazi wa futi sita au kwa mwalimu wa kike anayemfikia begani. Anayelalamika huambiwa kiti kinapanda na kushuka. Ni kweli kinapanda na kushuka, ila bomba la juu la fremu halishuki. Wanaojua vipimo husema ukisimama umeitia baiskeli katikati ya miguu, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga chini, kati yako na bomba hilo pabaki upana wa vidole viwili vitatu. Mfupi wetu hana habari ya vidole. Akitaka kusimama hutafuta ukingo wa barabara autie mguu, na pasipo na ukingo hushuka popote alipojaaliwa. Amefundishwa tawakali bila ada.

Ile ya gia inazo gia 21, tatu mbele mara saba nyuma. Vilima vyenyewe viko Amani na Lushoto, huko Usambara. Mjini kwetu mwinuko mkubwa ni tuta la kupunguza mwendo. Kwa hiyo gia 20 ni sadaka ya duka kwa mnunuzi. Upepo wa bahari nao hauchelewi. Huanza na waya wa gia, ukaja kwenye mnyororo, mpaka siku moja baiskeli ikabaki na gia moja, na mwenyewe akagundua kwamba amekuwa na Phoenix muda wote, isipokuwa hii haina keria ya kubebea gunia. Kuhusu shokapu ya nyuma sitasema mengi. Nguvu unayoikanyagia pedali huinywa yenyewe kwanza, kinachobaki ndicho kinachokwenda kwenye gurudumu. Mtu amefanya mazoezi, safari ni nyongeza.

Lakini fadhila iliyo kubwa kuliko zote imo kwenye tairi, na hapa lazima nikae.

Tuseme wewe ni mkaidi. Umeliruka duka la mtaani, ukaagiza haibridi yako kutoka mbali, ikafika, ukaipanda, watu wakageuka kukutazama. Siku tairi likichanika utarudi dukani kwa miguu yako mwenyewe, maana hakuna pengine pa kwenda. Mwenye duka hakukumbushi ya nyuma. Anakuuliza namba, unasema 28, kwa kuwa ndivyo muuzaji wa kule alivyokuambia. Naye analo la 28, tena jipya. Mnaelewana bei. Unafika kwa fundi, tairi linavaa kirahisi mno hata mnafurahi, mnajaza upepo, ghafla linachomoka pembeni na tyubu inapasuka kwa kishindo kinachowaamsha waliojilaza mchana.

Kilichotokea ni hiki. Tairi la 28 la Phoenix limeundwa likae kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635. Haibridi nayo huitwa 28, au 700C, lakini rimu yake ni 622. Tofauti ni milimita 13, na tairi halina mswalie mtume. Si hilo tu. Baiskeli za milimani za siku hizi zinazoitwa 29 zina rimu ya 622, sawasawa na haibridi. Kwa maana hiyo 28 si 28, ila 29 ni 28. Zile za gia za 26 rimu yake ni 559, na za mtumba kutoka Japani, zenye kikapu mbele, nazo mara nyingi huitwa 26 lakini ni 590. Aliyepita chuo hiki hatishwi tena na hesabu za mikopo ya VICOBA. Na chuo kiko wazi kila siku, mwalimu amekaa na kikokotoo, wala mwenyewe hajui kama anafundisha.

Sifa nyingine sina haja ya kuipamba, kwa kuwa ni ya kweli tupu. Phoenix ikikatika spoku Pongwe, ikaisha gololi Muheza, ikalegea breki Korogwe, utampata fundi chini ya mwembe mwenye spea hiyo ndani ya kopo la rangi, na bei yake haitakufanya uuze kuku. Haibridi ikivunjika kinyonga cha gia cha nyuma, yaani kile kichuma kinachouhamisha mnyororo, fundi huyohuyo atakigeuza mkononi kwa heshima, atakusifia baiskeli yako, kisha atakuuliza kama una ndugu Dar es Salaam. Duka lina namna mbili kwa sababu mafundi wana spea za namna mbili, na mafundi wana spea za namna mbili kwa sababu duka lina namna mbili. Mduara huo umewabeba wauza mkaa, wauza samaki na wanafunzi kwa miaka mingi bila kuomba ushauri wa mtu. Anayetaka kuuvunja kwa baiskeli moja nzuri ajiandae kuwa yeye ndiye ghala la spea zake.

Kwa asiyekubali lipo rundo la mtumba, ambalo ni duka lilelile lililotiwa bahati nasibu. Humo mna baiskeli za Kijapani zenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu, kusikoingia vumbi wala chumvi, zina dinamo ya taa, na zina kufuli iliyofungwa ambayo ufunguo wake umebaki Japani. Mara mojamoja huibuka haibridi halisi kutoka Ulaya, fremu ya alumini, keria imara, madigadi yote mawili. Dalali huwa ameshaishika usukani kabla hujanawa uso. Ukimwuliza bei anakutajia ya mpya. Ukisema ni kuukuu anakujibu vya zamani ndivyo imara, na kwa kuwa nawe umekuja huko kwa imani hiyohiyo, huna la kumrudishia.

Sasa neno kwako unayekwenda Ngamiani kesho ukiwa bado na haibridi kichwani. Usisome maandishi ya kwenye fremu, hayo ni mapambo. Inama usome ubavu wa tairi. Palipo na namba kama 37-622 ya kwanza ni upana na ya pili ni rimu, na ya pili ndiyo itakayokukuta uzeeni. Tia baiskeli katikati ya miguu kabla ya kutaja bei. Ikiwa haibridi hakuna kabisa, zile za 29 zisizo na shokapu ya nyuma zinavumilika: zivue matairi ya vinundu vya mpira, uzivishe membamba ya 622, utakuwa umejipatia haibridi bila kumsumbua mtu. Na ukilikuta duka lina tairi la 622 lakini halina baiskeli ya kulivaa, nunua tairi kwanza.