Kicheko Kilichovuka Migomba

Tetemeko la Jumamosi, 10 Septemba 2016, lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Liliipata Bukoba alasiri, watu wakiwa kwenye shughuli zao, likaua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba. Nyumbani kwa dada yangu mkubwa, Hamugembe, liliangusha ukuta wa jiko alipokuwa ametoka tu kufuata kuni. Hakuumia hata ukucha. Lakini tangu siku ile, lori zito likipita usiku, dada anakuwa mlangoni na watoto wote wawili kabla vioo vya dirisha havijaacha kulia.

Daktari alimpima moyo akaukuta mzima. Akamweleza kwamba ule ni wasiwasi uliopita kiasi, akampangia siku za kukaa na mshauri, kisha akaongeza kwamba yoga nayo huwasaidia wengi. Hakutaja yoga gani, na hapo ndipo ukoo mzima ulipopata kazi.

Shemeji alianza na yoga ya kasi, ile ya kuruka, kuinama na kupiga mikao bila kupumzika. Kwa watu wengi jasho lile ni tiba nzuri. Kwa dada, moyo kudunda na pumzi kukatika ndizo dalili za hofu yenyewe, kwa hiyo kila zoezi lilimfikisha mahali pale pale alipokuwa anapakimbia. Likafuata, kutoka kwenye video ya simu, zoezi la pumzi liitwalo kapalabhati, la kusukuma hewa nje kwa tumbo, haraka haraka. Vidole vikafa ganzi, midomo ikawasha, watoto wakaangua kilio, na shemeji akapiga simu kwa bodaboda. Kabla pikipiki haijafika, ganzi ilikuwa imeisha. Mtu akihema kwa kasi huku mwili haufanyi kazi nzito, hutoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, na ikipungua kwenye damu ndipo kizunguzungu na ganzi humshika. Mwenye vipindi vya hofu kuu angepaswa kuelezwa hivyo kabla hajavuta hata pumzi moja, na ile video haikueleza.

Kisha akajaribu mkao wa kulala chali, macho yamefungwa, mikono pembeni, uitwao savasana, maana yake mkao wa maiti. Dada alijifunika kitenge kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Mama mkwe wake akaingia bila hodi, na kilio alichokipiga kiliwaleta majirani, mmoja tayari amejitanda kanga ya msibani. Dada naye aliinuka akitetemeka. Kwake, sakafu ndiyo ilikuwa adui: ukilala juu yake unasikia kila gurudumu linalopita barabarani.

Shule zilipofungwa tukapanda haisi kwenda Muleba, kwa Bibi, Nshamba. Tulidhani migomba na utulivu vitafanya kazi ambayo simu haikuiweza. Dada alikuwa ameshachagua yoga ya kicheko. Ilianzishwa na daktari wa Kihindi, Madan Kataria, mjini Mumbai mwaka 1995: watu hukusanyika, hupiga makofi, hucheka kwa makusudi hadi kicheko cha kujilazimisha kigeuke cha kweli. Kulipokucha akawapanga wajukuu wa Bibi kibanjani. Ha-ha, ho-ho, makofi, kisha tena. Wasichana walikolea upesi. Mmoja alicheka hadi akakaa chini, mwingine machozi yakamtoka, na kicheko kikavuka migomba hadi kwa jirani.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja wa makamo, hana viatu, anauliza ni wangapi wameshikwa. Nyuma yake wazee wawili. Kisha mwenyekiti wa kitongoji. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi, akawashika wasichana mabega mmoja mmoja, akawaamuru wanyamaze na kunywa maji.

Alipoketi ndipo akatusimulia. Tarehe 30 Januari 1962, Tanganyika ikiwa bado haijatimiza miezi miwili ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya Kashasha walianza kucheka wakashindwa kuacha. Wakashikwa wanafunzi 95 kati ya 159, na shule ikafungwa Machi. Waliporudishwa makwao ugonjwa ukafuatana nao, na hapa Nshamba ukawapata watu 217. Watu waliuita enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Philip, daktari wa serikali wilayani Bukoba, na Rankin wa Makerere waliuchunguza wakaandika mwaka 1963: hawakukuta sumu wala kijidudu, na hakuna aliyekufa. Bibi anakumbuka zaidi yaliyokuwa kati ya kicheko na kicheko. Dada yake aliletwa nyumbani akilia, akikimbia huku na huko, akisema kuna mtu anamfuata. “Kile hakikuwa kicheko cha furaha,” alisema. “Ilikuwa hofu imekosa mlango.”

Dada alimsikiliza kama ambavyo hajawahi kumsikiliza mshauri yeyote. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza mbele yetu, kwamba anaogopa kuta. Wengi husifu mkao wa kulala na kuegemeza miguu ukutani kwamba ndio unaotuliza kuliko yote. Yeye alikuwa ameuruka kimya kimya kila ulipotokea. Basi tukatandika mkeka nje, mbali na nyumba, akapandisha miguu juu ya benchi, macho wazi, migomba juu yake. Pumzi akaitoa polepole kwa mvumo wa nyuki, mdomo umefumbwa, zoezi ambalo Wahindi huliita bhramari. Mtu anapotoa pumzi moyo hupunguza mwendo kidogo, na mvumo huirefusha pumzi hiyo bila kuhesabu. Yule mama asiye na viatu hakuondoka. Nyumba ya mwanawe ilianguka Bukoba siku ile ile ya tetemeko. Akakaa ukingoni mwa mkeka, akavuma naye.

Bibi alikuwa bado na neno. Tangu tufike alikuwa anamwangalia dada akitafuna kahawa kavu tangu asubuhi hadi usiku, punje baada ya punje, robusta yetu ambayo nguvu yake inajulikana. Siku ya kuondoka alinyoosha mkono.

“Fungua mkoba, mjukuu wangu. Kahawa inabaki.”